Geoje: Kisiwa cha Wakimbizi Kilichokuja Kuunda Meli za Dunia

Kwenye ramani, Korea Kusini imeshikana na bara la Asia kama kidole kilivyoshikana na kiganja. Sasa chukua gari Seoul uelekee kaskazini. Hata saa mbili hazijaisha utakuwa umefika mwisho wa nchi: seng'enge, mabomu ya ardhini, askari, kisha ukanda wa kilomita nne unaoikata rasi nzima kutoka bahari moja hadi nyingine, urefu wake karibu kilomita 250. Ukanda huo upo tangu Julai 27, 1953, siku mapigano yaliposimamishwa. Mkataba wa amani haujasainiwa mpaka leo.

Kwa hiyo hakuna treni ya Seoul kwenda Beijing wala lori la kupeleka mzigo Vladivostok. Mafuta, ngano, makaa ya mawe na chuma ghafi huingia kwa meli. Magari na simu hutoka kwa meli au kwa ndege. Kwa mfanyabiashara, Korea Kusini ni kisiwa, na vita ndivyo vilivyoifanya kisiwa. Mtu akilishika jambo hili moja, mengi yanayotatanisha kuhusu nchi ile yanaanza kufunguka.

Sisi habari zake hutufikia vipande vipande. Huku kuna tamthilia, huku kuna makombora ya Kaskazini, huku kuna treni ya Mchongoko inayokimbia Dar es Salaam na Dodoma, iliyoundwa na Hyundai Rotem. Vita husimuliwa peke yake, biashara peke yake, na watu waliohama peke yao, kama vile ni nchi tatu. Ndiyo maana nataka tukae mahali pamoja ambapo vyote vitatu vilipita, kimoja juu ya kingine. Mahali hapo ni Geoje, kisiwa cha pili kwa ukubwa Korea Kusini baada ya Jeju, jirani na bandari ya Busan.

Geoje iliujua msukosuko wa bahari zamani sana. Mwaka 1592 Japani ilipoivamia Korea, jemadari wa majini Yi Sun-sin alipata ushindi wake wa kwanza katika ghuba ya Okpo, upande wa mashariki wa kisiwa. Wajapani walipoondoka mwaka 1598 walikuwa wamechukua maelfu ya Wakorea mateka, wakiwemo wafinyanzi. Hao ndio waliojenga sifa ya kaure ya Arita huko Kyushu, ambayo katika karne ya 17 Waholanzi waliinunua na kuiuza Ulaya. Vyombo vile vinaitwa vya Kijapani, lakini mikono ya mwanzo ilikuwa ya watu walioporwa kutoka kwao.

Kutawanyika kwa Wakorea basi hakukuanza na vita vya 1950. Kuanzia miaka ya 1860 wakulima waliokimbia njaa walivuka mpaka kuingia mashariki ya mbali ya Urusi; wajukuu wao, wapatao 172,000, walipakiwa kwenye mabehewa kwa amri ya Stalin mwaka 1937 na kumwagwa Uzbekistan na Kazakhstan. Januari 1903 meli ya Gaelic iliwafikisha wengine Honolulu kulima miwa. Na mwaka 1905 Wakorea zaidi ya elfu moja walipelekwa Yucatán, Mexico, kukata heneken, mmea ndugu wa mkonge. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa miiba ile. Mkonge wa Tanga wenyewe, ule ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, asili yake ni Yucatán. Vibarua wale walifungwa kwa mkataba wa miaka minne. Ulipoisha mwaka 1909 wengi hawakuwa na nauli ya kurudi, na mwaka uliofuata Japani ikaitwaa Korea kabisa. Hawakuwa tena na nchi ya kurudia. Mwaka 1921 karibu 300 kati yao walihamia Cuba kutafuta riziki kwenye mashamba mengine.

Utawala wa Japani ulipokoma Agosti 1945, Wakorea wapatao milioni mbili walikuwa Japani kwenyewe, mamia ya maelfu miongoni mwao wakiwa wamepelekwa migodini na viwandani wakati wa vita. Kwao nako kulikuwa kumekatwa vipande viwili, Wasovieti kaskazini na Wamarekani kusini mwa nyuzi 38, mstari uliochorwa na maofisa wa Marekani kwa haraka, bila Mkorea hata mmoja kuulizwa.

Juni 25, 1950 majeshi ya Kaskazini yalivuka mstari huo. Majeshi yaliyopigana chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, yakiongozwa na Marekani, yaliyasukuma hadi karibu na mpaka wa China. China ikaingia vitani, mambo yakageuka. Desemba hiyo, katika baridi kali, askari wa Marekani na wa Kusini walirudi nyuma hadi bandari ya Hungnam, pwani ya mashariki, ili waondoke kwa meli. Nyuma yao walikuja raia, karibu 100,000, waliojua kwamba wakibaki watahesabiwa wasaliti.

Mpango wa kuwachukua raia haukuwapo mwanzoni. Maofisa walibishana: meli ni za jeshi, na huenda majasusi wamejichanganya na wakimbizi. (Hoja hiyo ya majasusi bado inaishi, huisikii popote wakimbizi wanapogonga mlango?) Mwishowe walikubali. Meli ya mizigo ya Meredith Victory ilikuwa na nafasi za abiria 12. Nahodha wake, Leonard LaRue, alipakia watu 14,000. Walishushwa kwenye matumbo ya meli kwa winchi, wakasimama wamebanana gizani, bila chakula wala choo, mapipa ya mafuta ya ndege yakiwa chini yao. Busan ikawakataa kwa sababu ilikuwa imejaa. Wakapelekwa Geoje, wakafika siku ya Krismasi. Hakuna aliyekufa njiani, na watoto watano walizaliwa. LaRue baadaye aliacha bahari akawa mtawa wa Kibenedikto huko New Jersey, akaishi humo mpaka kufa.

Miongoni mwa abiria wale walikuwamo mume na mke kutoka Hamhung, mji wa Kaskazini. Mtoto wao wa kiume alizaliwa Geoje Januari 1953. Tutakutana naye mbele.

Wenyeji wa Geoje, wavuvi na wakulima wadogo, walijikuta wachache katika kisiwa chao. Maana pamoja na wakimbizi, mwaka 1951 ilijengwa hapo kambi ya wafungwa wa vita ambayo ilifikia kushika watu wapatao 170,000, Wakorea wa Kaskazini na Wachina. Kambi hiyo inastahili tuisimamie kidogo, kwa kuwa ndani yake ndimo vita vilipokwama.

Mkataba wa Geneva wa 1949 ulisema wafungwa warudishwe kwao mara mapigano yakiisha. Wengi wa wafungwa wa Geoje, hata hivyo, hawakutaka kurudi. Wengine walikuwa watu wa Kusini waliolazimishwa kuingia jeshi la Kaskazini. Wengine walikuwa Wachina waliowahi kupigana upande wa Chiang Kai-shek, kiongozi aliyeshindwa na Wakomunisti akakimbilia Taiwan. Marekani ikasema kila mfungwa achague. China na Korea Kaskazini zikakataa. Mambo mengine mengi yakakubaliwa, hili likabaki, na kwa zaidi ya mwaka mmoja vijana wakaendelea kufa kwenye vilima vya katikati ya nchi kwa ajili ya swali la nani arudi wapi. Ndani ya kambi wafungwa waligawanyika, wakahukumiana na kuuana wenyewe usiku. Mei 1952 walimteka mkuu wa kambi mwenyewe, Jenerali Francis Dodd wa Marekani, wakamshikilia siku tatu. Hatimaye Wachina zaidi ya 14,000 walipelekwa Taiwan badala ya kwao. Na watu 88 walikataa pande zote. Walipelekwa India, na baadhi yao wakaishia Brazil na Argentina.

Siwezi kuacha kuwataja Waethiopia. Mfalme Haile Selassie, ambaye mwaka 1936 alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa akaomba msaada dhidi ya Italia na asisikilizwe, alituma kikosi cha Kagnew. Kilisafiri kwa treni hadi Djibouti, kikapanda meli, kikafika Busan Mei 1951. Kwa jumla walikwenda askari 3,518, na zaidi ya 120 walifia huko. Wale waliorudi, hasa baada ya mapinduzi ya 1974, walidharauliwa na serikali ya kijeshi ya Derg, rafiki wa Korea Kaskazini.

Vita vilipokoma, Korea Kusini haikuwa na cha kuuza. Viwanda vingi vya umeme na mbolea vilivyojengwa na Wajapani vilikuwa Kaskazini. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 wastani wa pato la mtu kwa mwaka ulikuwa chini ya dola 100. Kilichokuwapo ni watu, wengi wao wakiwa wakimbizi wasio na shamba wala ukoo wa kuegemea, na nchi iliwauza hao. Nasema kuwauza kwa makusudi. Tangu mwaka 1963 wachimba makaa karibu 8,000 walipelekwa Ujerumani Magharibi, wakafuatwa na wauguzi zaidi ya 10,000. Kuanzia 1964 hadi 1973 askari zaidi ya 300,000 walipokezana Vietnam kwa malipo ya Marekani. Karibu 5,000 hawakurudi. Kampuni zilienda nyuma ya askari. Hanjin ilibeba mizigo ya jeshi bandarini Qui Nhon, Hyundai nayo ikapata kandarasi za ujenzi, na mitaji ikakusanyika.

Damu ilikuwamo. Februari 1968 wanajeshi wa Korea waliua raia katika kijiji cha Phong Nhi. Ilichukua miaka 55, hadi Februari 2023, mahakama ya Seoul kuiamuru serikali imlipe fidia manusura mmoja, aliyepigwa risasi akiwa mtoto. Naona ni lazima jambo hili likae katika hesabu ileile ya mafanikio, kwa sababu fedha zilitoka huko.

Kisha ikaja Ghuba. Bei ya mafuta ilipopaa baada ya 1973, Saudi Arabia na majirani zake walikuwa na fedha za kujenga kila kitu. Mwaka 1976 Hyundai ilipata kazi ya bandari ya Jubail, ya zaidi ya dola milioni 900. Sehemu kubwa za chuma ziliundwa Ulsan, mji wa pwani ya Korea Kusini, zikavutwa kwa matishari hadi Ghuba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wakorea zaidi ya 150,000 walikuwa wakifanya kazi Mashariki ya Kati, wakituma mishahara nyumbani. Leo Ghuba ina vijana wetu wa Mombasa, Tanga na Kampala, na wengi wanadhani kibarua cha Uarabuni ni mkosi wa Waafrika. Mkorea aliyezaliwa 1950 aliupitia mkosi huo.

Sasa turudi Geoje, tufike kwenye meli. Kwa nini meli? Nchi isiyo na njia ya nchi kavu inazihitaji, hilo ni wazi. Lakini kuna nchi nyingi zinazohitaji meli na hununua. Chung Ju-yung, mwanzilishi wa Hyundai, aliamua kuziunda. Alikuwa mtoto wa mkulima kutoka Tongchon, eneo lililoangukia Kaskazini, aliyetoroka nyumbani na fedha za ng'ombe wa baba yake. Mwaka 1971 alikwenda London kutafuta mkopo wa benki ya Barclays. Mshauri wa Kiingereza aliyetakiwa kumwandikia barua ya kumpendekeza alisita, na Chung, kwa simulizi yake mwenyewe, akatoa mfukoni noti ya won 500 yenye picha ya meli ya kasa, ile meli ya vita ya Yi Sun-sin. Akasema sisi tuliunda meli za chuma tangu miaka ya 1500. Tajiri wa meli wa Kigiriki akaagiza meli mbili za mafuta za tani 260,000 kila moja, na huko Ulsan chelezo, yaani mahali pakavu pa kuundia meli, na meli zenyewe vikajengwa kwa wakati mmoja. Mwaka 1998, mzee wa miaka zaidi ya 80, Chung alivuka ule ukanda wa kijeshi na malori ya ng'ombe 1,001 kuwapelekea watu wa Kaskazini, kama kulipa deni la ng'ombe wa baba.

Geoje ilifuata. Mwaka 1973 ujenzi wa karakana ya meli ulianza Okpo, katika ghuba ileile ya mwaka 1592. Daewoo iliichukua 1978 na kuikamilisha 1981. Upande wa pili, katika ghuba ya Gohyeon ambako kambi ya wafungwa ilikuwa, Samsung ilifungua yake mwishoni mwa miaka ya 1970. Kisiwa kilichokuwa kimejaa wakimbizi kikawa na makarakana mawili kati ya makubwa kabisa duniani.

Watu hupenda kuita hayo muujiza. Neno hilo linanikera. Muujiza hauna mshahara wala majeruhi. Agosti 1987, wafanyakazi wa Okpo walipogoma kudai nyongeza, kijana wa miaka 21 aliuawa na bomu la machozi la polisi. Mishahara mizuri ya Geoje iliyokuja baadaye ilipiganiwa barabarani.

Nayo haikudumu kwa wote. Bei ya mafuta iliposhuka baada ya 2014, oda zilikauka, maelfu wakafukuzwa, na waliobaki chini ya wakandarasi wadogo walikatwa karibu asilimia 30 ya malipo. Mwaka 2022 oda zilirudi lakini mishahara haikurudi. Mafundi wa wakandarasi waligoma siku 51, na mmoja wao, fundi wa kuchomelea, alijifungia kwa mwezi mzima ndani ya kizimba cha chuma cha mita moja kwa kila upande, sakafuni mwa meli iliyokuwa ikiundwa kwenye chelezo. Walipata nyongeza ya asilimia 4.5. Vijana wa Kikorea wakaelewa somo wakaenda Seoul kutafuta kazi nyingine, na vijana wenyewe wanazidi kupungua: mwaka 2023 wastani wa uzazi ulishuka hadi mtoto 0.72 kwa mwanamke.

Nani basi anachomelea meli? Wavietnam, Wanepali, Wasri Lanka, Waindonesia, Wathai, Wauzbeki. Serikali imekuwa na mfumo wa vibali vya kazi tangu Agosti 2004, ambao nchi hukubaliana na nchi, mwombaji hufanya mtihani wa Kikorea, na mshahara wa chini wa Mkorea ndio wake pia. Ni bora kuliko utaratibu wa "wanagenzi" wa miaka ya 1990, uliowanyima hata jina la mfanyakazi. Fundo liko kwenye kuhama: mwajiri akiwa mbaya, huwezi kumwacha kwa hiari yako tu, unahitaji kibali chake au uthibitishe kosa lake. Mwaka 2022, ili kuziba pengo la makarakana, milango ya viza ya mafundi ilifunguliwa zaidi, na hapo mawakala wa binafsi wakaingia na ada zao. Mtu huja na deni, kisha hulipa deni kabla hajatuma kitu nyumbani. Mjukuu wa kijiji cha Vietnam leo anachomelea bamba Okpo. Na baadhi ya Wauzbeki wanaokuja kufanya kazi Korea wana majina ya ukoo ya Kikorea, Kim au Pak, wazao wa wale wa mabehewa ya 1937, wakiomba viza ya kuingia nchi ya mababu zao.

Meli za Wakorea nazo hukutana na dunia yetu. Oktoba 2010 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya uvuvi ya Kikorea, Keummi 305, ikiwa katika maji ya Kenya. Vichwa vya habari vilisema meli ya Korea, lakini mabaharia 39 kati ya 43 walikuwa Wakenya. Ilibaki mikononi mwa maharamia hadi Februari 2011. Mwezi mmoja kabla, makomando wa Korea walikuwa wameivamia meli ya Samho Jewelry katika Bahari ya Arabia na kuwaokoa mabaharia wote 21. Maharamia wanane waliuawa, na watano wakasafirishwa hadi Busan kushtakiwa. Vijana wa Kisomali wakatumikia vifungo katika magereza ya nchi ambayo yenyewe iliwahi kuwapeleka watu wake kila pembe kutafuta riziki.

Na mwaka 2021 karakana ya Samsung ilimaliza chombo kilichokusudiwa jirani yetu kabisa. Coral Sul kina urefu wa mita 432, na kazi yake ni kuchota gesi chini ya bahari ya Cabo Delgado, Msumbiji, na kuigeuza kimiminika hapohapo baharini. Kampuni ya gesi ya taifa ya Korea ina hisa asilimia 10 katika kitalu cha gesi hiyo. Machi ya mwaka huohuo wapiganaji walikuwa wameushambulia mji wa Palma, kusini tu ya mto Ruvuma, ambako Kiswahili husikika sokoni pamoja na Kimwani na Kimakonde. Watu walikimbilia ufukweni. Walipanda majahazi, mashua, chochote kilichoelea, wakaelekea mji wa Pemba, hukohuko Msumbiji. Wengine walitembea porini kuelekea mpaka wa Tanzania. Mradi wa gesi wa nchi kavu ukasimama. Ule wa baharini, unaoelea mbali na bunduki, uliendelea, na shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022.

Novemba 15, 2021, siku ya kuiaga Coral Sul, Rais wa Msumbiji wa wakati huo, Filipe Nyusi, alikuwapo Geoje. Mwenyeji wake alikuwa Rais wa Korea Kusini wa wakati huo, Moon Jae-in. Moon alikuwa amerudi alikozaliwa: ndiye yule mtoto wa mume na mke kutoka Hamhung, walioshuka kwenye Meredith Victory wakiwa na nguo walizovaa.